Neno la Kumwambia Fundi

Jumatatu, 3 Machi
Cherehani ya fundi jirani imenikatiza usingizi wa mchana tena. Niliota mvua juu ya bati, kumbe ni sindano yake nyuma ya ukuta. Nikagonga kwa bakora. Akazidisha mwendo. Binti yangu, muuguzi, akasema baba, kugonga si dawa: pumua mara tatu, itaje hisia yako kwa jina, kisha umweleze mwenyewe kwa upole. Kazi nyepesi. Nimefundisha lugha miaka thelathini na sita.

Jumanne, 4 Machi
Nimepumua. Jina ndilo gumu. Kukereka si kuudhika. Kukereka ni mchanga ndani ya kiatu. Kuudhika ni kumjua aliyeutia. Nimefungua kamusi asubuhi kwenye chuki, saa nane niko kinyongo. Mwishowe nimemwandikia fundi barua ya kurasa nne, na tanbihi. Nimeipenyeza chini ya mlango wake.

Jumatano, 5 Machi
Kimya. Fundi amemwambia binti yangu kwamba barua hajaimaliza, ila ameelewa kuwa mwalimu hataki jirani. Cherehani ameipeleka kwa shemeji yake, mtaa wa pili. Ijumaa atafuata vitambaa na kunirudishia ufunguo wa chumba. Ushindi. Nimejilaza. Pazia linajaa upepo, linanywea, linajaa tena. Nimelitazama hadi jua likahama ukutani. Usingizi haukuja.

Alhamisi, 6 Machi
Macho makavu. Wala kahawa ya saa kumi haikuja. Miaka kumi na moja tumeinywa pale kwenye ngazi, yeye akiniita Mzee Nukta, mimi nikimsahihishia ngeli. Leo nimeteremka na vikombe viwili, kwa mazoea tu. Binti akauliza sasa nahisi nini. Nikasema bado niko K. Akasema hebu ruka hadi U. Nikafungua. Upweke. Nikaifunga kamusi upesi, kama mtu aliyeingia chumba cha watu.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi amekuja, majora mabegani, ufunguo mkononi. Nilikuwa na hotuba. Nimepumua mara tatu, hotuba ikatoka na pumzi. Likabaki neno moja. Nimelisema. Akaweka majora chini, akaniuliza kama ndilo hilo nililolizungusha kurasa nne. Akasema hata yeye huko kwa shemeji anashona vifungo upande usio wake. Ufunguo akautia mfukoni. Tumekunywa kahawa.

Jumamosi, 8 Machi
Cherehani imerudi. Nimelala kama mtoto, mvua ikanyesha juu ya bati lote la ndoto. Saa tisa nimeamshwa na mluzi. Fundi ana furaha, na mwenye furaha hupiga mluzi. Wimbo mmoja, mstari mmoja, na anaukosea.
Nimepumua mara tatu. Nimegonga kwa bakora. Akazidisha.
Nimeifungua kamusi kwenye A. Safari hii nitaandika kwa kifupi: kurasa tatu, tanbihi chache.