Kepher Obure ni Nani?

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumesomewa bima ya maisha ya marehemu Shangazi Yunia. Mimi Bogonko, niliyelelewa naye tangu mama afariki, sikutajwa! Hata Esnah, binti yake wa kuzaa, hakutajwa. Pesa zote kaachiwa mtu anaitwa Kepher Obure. Kepher gani? Hata jina la baba yangu ameiba! Esnah alipoulizwa akatazama chini. Anamjua huyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na si pesa tu zinazoniuma. Nilidhani shangazi alinipenda.

Ijumaa, 7 Machi

Upelelezi. Wachuma chai wenzake shangazi hawamjui Kepher. Huko sokoni Silibwet nikamfuata mwanamume mwenye kofia niliyoiona mazishini. Akauliza namtakia nini. Nikamwambia ajitambulishe kwanza. Akaniita mwizi wa kuku, watu wakaanza kukusanyika. Nikaondoka kwa heshima, mbio kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Esnah kaja na chai na mahindi ya kuchemsha. Ati Kepher ni mimi! Ati shangazi ndiye alinipa jina hilo nilipopelekwa kanisani nikiwa mchanga, kisha watu wakazoea la babu, Bogonko. Ebo! Kitambulisho changu kinasema Bogonko Obure, basi. Shangazi mwenyewe aliniita "mura", kijana, mpaka nikaota mvi. Nikaona mtego: niache kudai, halafu Kepher wake ajitokeze. Chai sikuinywa. Mahindi nilikula, hayo hayatiwi sumu.

Nikakimbia Kericho mjini kwa wakili. Nikaapa kwa Biblia kwamba katika ukoo wetu Kepher hajawahi kuwepo, na atakayejiita hivyo ni tapeli. Nikatia sahihi, na kidole gumba juu yake kwa usalama.

Jumamosi, 15 Machi

Sabato. Nikamwuliza Mzee Mochama wa kanisa, kwa ujanja, kama amewahi kumsikia tapeli Kepher. Alicheka mpaka akashika kiti. Akasema alinibeba mwenyewe siku ya kuombewa, nikamkojolea suti. Jina alilitaja shangazi, tena kwa sauti: Kepher.

Mungu wangu. Kumbe alinipenda. Nimelia nyuma ya choo cha kanisa.

Jumatatu, 17 Machi

Wakili anasema kiapo changu kimefika kwa watu wa bima, na wamekiamini kabisa. Kepher hayuko, kwa hivyo pesa ni za Esnah.

Jioni Esnah akapiga simu. Ati atakuja kushuhudia kwamba Kepher ni mimi, nipewe zote kama mama yake alivyotaka. Bure! Hata nauli hataki. Nani hufanya hivyo? Nimemkatalia. Kuna kitu hapo.

Isitoshe, nina mpango bora. Kesho naapa tena, mimi Kepher, kwamba huyo Bogonko aliyeapa wiki iliyopita simjui, na katika ukoo wetu hajawahi kuwepo.