Suruali ya Kinga na Hila za Shemeji

Jumatatu, 4 Mei

Bosi katuita bohari asubuhi. Ijumaa tunakata ule mti ulioegemea paa la zahanati, na atakayefanya kazi safi huko juu ndiye atakuwa kiongozi wa wapandaji. Hapo akanitazama. Kisha akamtazama shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunayemwita Kima kwa jinsi anavyopanda. Yeye alitazamwa zaidi. Nimeliona hilo.

Halafu amri: hakuna kushika msumeno wa injini mtini bila suruali ya kinga. Kesho twende dukani, kila mtu achague yake, kampuni italipa. Kampuni isiyotununulia hata sabuni ya kunawa! Kuna jambo.

Jumanne, 5 Mei

Dukani. Mwenye duka ni mama mmoja wa miwani, mpole kupita kiasi. Mtu mpole hivyo ana lake. Akaniambia ninyanyue goti mpaka kifuani, nichuchumae, nitanue miguu, maana suruali ya mpandaji isipomfuata mwili itamtesa juu. Nikayafanya yote mbele ya wateja. Kima naye akafanya, ila yeye alisifiwa.

Mama akaeleza kwamba ndani mna tabaka za nyuzi ndefu. Mnyororo wa msumeno ukigusa, nyuzi zinachomoka, zinajisokota humo, injini inakwama kabla haijafika nyamani. Eti uzi usimamishe injini. Mimi si mtoto wa kudanganywa kwa peremende. Akatuonya tusiipunguze suruali, tusiifumue, hata sindano isipite. Nikamuuliza sindano anaiogopea nini. Akacheka. Kima naye akacheka. Walicheka kama watu waliokwisha kuongea.

Kima akachagua ya kijani. Ya kijani ndiyo iliyonikaa vizuri, lakini nikachukua ya kahawia. Siwezi kufuata nyayo za mtu nisiyejua anakoelekea.

Jumatano, 6 Mei

Mazoezi. Kima alishafika juu, mimi bado nabishana na fundo la kwanza. Suruali nzito, ina joto, inanivuta chini. Nikamwambia Kima kwamba suruali yake ni nyepesi. Akasema haya, Shemeji, tubadilishane basi. Nani anatoa kitu kizuri kirahisi hivyo? Nikakataa. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mke wangu anasema kaka yake ananitakia mema. Tena yeye hajali nani atakuwa kiongozi, anachotaka ni mume arudi na miguu miwili. Damu nzito kuliko maji.

Alhamisi, 7 Mei

Ukikatazwa kufungua kitu, ujue ndani kuna kitu. Mke alipokwenda kusukwa kwa jirani nikachukua wembe, nikafumua mguu wa kulia kwa ndani. Nikakuta nyuzi. Nyeupe, laini, tabaka juu ya tabaka. Kumbe yule mama hakudanganya, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Nyuzi zote hizo za nini, kama si kunielemea ili Kima anishinde? Nikazichomoa zote, nikashona pale vizuri. Mguu wa kulia sasa mwepesi, raha tupu.

Nikageukia wa kushoto. Kabla sijakata hata uzi mmoja, mke huyo mlangoni, eti jirani hayupo. Nikasukumia wembe na nyuzi chini ya kitanda. Akauliza suruali imefanya nini. Nikasema naikagua. Mtu harudi mapema bure, kuna aliyemtuma.

Ijumaa, 8 Mei

Nilimtangulia Kima kufika juu. Bosi chini, mkono kiunoni, ananitazama mimi tu. Nikakata tawi la kwanza, la pili. La tatu lilikuwa mbali kidogo, nikajinyoosha na kushika msumeno kwa mkono mmoja, wanione vizuri. Ukaruka. Ukanipiga paja la kushoto.

Kimya. Injini imekwama, nyuzi nyeupe zimejisokota kwenye mnyororo wote. Nikachungulia paja: ngozi nzima, hata mkwaruzo hakuna. Niliogopa, nakiri, nikaukumbatia mti. Kima akanifuata, akanifunga kwenye kamba yake, akanishusha polepole. Aliniuliza njia nzima kama naisikia miguu. Mtu asiye na hatia anauliza-uliza nini?

Bosi akampa Kima uongozi palepale. Mke wangu alikuja mbio, akalishika lile paja, akalia sana.

Jumamosi, 9 Mei

Nimefikiri. Msumeno wangu ulifanya kazi vizuri mpaka ulipokutana na ile suruali. Suruali ndiyo iliyouzima mbele ya bosi, nikakosa cheo. Na aliyefanya fitina ni mguu wa kushoto. Wa kulia, niliousafisha mwenyewe, haukunisumbua hata kidogo.

Kampuni imenipa suruali mpya, ile imeharibika. Bosi kanikabidhi mwenyewe, anatabasamu. Mke kaenda sokoni. Wembe ninao. Leo naanza na wa kushoto.