Afisa Uhusiano na Bomba Kavu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya sita mji hauna maji. Bomba kubwa limepasuka nyuma ya kiwanda cha unga. Mimi, Afisa Uhusiano wa mamlaka ya maji kwa miaka ishirini na miwili, nimetoa taarifa kwa vyombo vya habari. Kurasa tatu, mihuri miwili, nakala kumi na mbili, kila moja kwenye bahasha yake. Redio moja imeisoma, kati ya tangazo la magodoro na salamu za wasikilizaji.

Kisha Mkurugenzi akanitambulisha kwa afisa mpya wa mitandao ya kijamii. Mwanamke mtulivu, simu mbili, kidole gumba hakipumziki. Nimempa jina: Bi Kidole. Ameandika mistari miwili tu kuhusu bomba, akaweka na picha ya mafundi matopeni. Watu elfu nne wameisoma kabla ya chai ya saa nne. Mistari miwili! Bila mhuri! Huo ni umbea, si uhusiano.

Mkurugenzi anasema vitengo vyetu vitaunganishwa wiki hii. Mkuu atakuwa mmoja. Najua ni nani.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua ukurasa wangu. Wafuasi saba: wanne ndugu zangu, mmoja anauza nywele bandia, wawili siwajui.

Mchana nikasikia mafundi wanajaribu pampu. Nafasi ya kumpiga bao Bi Kidole! Sikungoja fundi mkuu athibitishe. Nilikuwa nimeandika “huduma imerudi”, nikaona “maji” lina uzito zaidi, nikabadilisha neno hilo moja nikatuma: “Wateja wapendwa, maji imerudi.”

Dakika haijaisha, mtu anayejiita Bomba Kavu akajibu: “Si ‘maji imerudi’. Ni ‘maji yamerudi’. Na hayajarudi.”

Watu mia tisa wamecheka. Hata fundi mkuu amecheka, naye yumo shimoni.

Jumatano, 5 Machi

Bomba Kavu amesahihisha taarifa yangu ya Jumatatu kwa kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa, na kuipakia. Alama nne kwa ishirini. Chini kaandika: “Ana bidii, ila hajibu swali.”

Nimemjibu kwa barua rasmi yenye kumbukumbu namba, nikapakia picha ya barua hiyo. Ndugu Bomba Kavu ataje jina kamili, umri na namba ya nyumba. Kimya. Mwoga!

Bi Kidole alishauri tumuulize yuko mtaa gani, halafu tupeleke gari la boza la maji. Nikamwambia mamlaka haibembelezi wahuni.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Akaniuliza kama kweli nataka kumjua mtu huyo. Nikasema nataka kumwona uso kwa uso. Akageukia ukutani, akaendelea kukunja mashuka, mabega yakimtikisika. Maskini, anaumia kwa ajili yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa. Mkutano na wanahabari kesho, saa tano, ukumbi mdogo. Nimetangaza kila mahali: Bomba Kavu aje, kama ni mwanamume. Mbele kabisa kutakuwa na kiti chake, na karatasi yenye jina lake. Hatakuja. Nitakihutubia kiti kitupu mbele ya kamera, na habari itakuwa imekwisha.

Bi Kidole ameomba kurusha matangazo mubashara. Nimemruhusu. Dunia nzima ione.

Ijumaa, 7 Machi

Ukumbi ulijaa. Wanahabari watatu, wananchi kama sitini, kila mmoja na simu juu.

Nilianza vizuri sana. Nikakinyooshea kidole kile kiti. Nikasema Bomba Kavu ni mwoga, mvivu, mtu asiye na kwao. Sauti yangu ilikuwa inatetemesha madirisha.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe. Mwalimu wa lugha mstaafu, miaka sabini na mmoja, miwani imening'inia kifuani, ndoo tupu mkononi. Nikafurahi: amekuja kunipa moyo! Nikamwashiria karani amtafutie mahali pa kukaa. Hakumngoja karani. Alipita katikati ya watu polepole, akakaa kwenye kile kiti.

KILE kiti.

Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Endelea. Ulikuwa unasema sina kwetu.”

Nikatafuta ukurasa wa pili. Herufi zilikuwa zinaogelea. Akasimama, wala hakuwa na hasira. Akasema leo siku ya kumi. Jirani yake amejifungua juzi, na anafua nguo za mtoto kwa maji ya mtaro. Anachouliza ni kitu kimoja: maji yanarudi lini?

Nikaanza kusema kwamba mamlaka inaendelea na juhudi za dhati.

“Baba, nimeuliza lini.”

Miaka ishirini na miwili, na hakuna karatasi hata moja mfukoni iliyokuwa na jibu. Nilimfikiria yule mzazi na mtaro wake. Nikasema, “Sijui, mama.”

Fundi mkuu alikuwa mlangoni, matope hadi mapajani. Nikamwita mbele. Akasema mitaa ya juu Jumapili, mitaa ya chini Jumanne, maboza yanaanza leo mchana. Watu wakaandika. Hakuna aliyenizomea. Nilikaa chini.

Jumamosi, 8 Machi

Video imetazamwa mara laki mbili. Sokoni muuza viazi ameniamkia, “Shikamoo, mama!” Mimi ni maarufu.

Mkurugenzi anasema tangu niseme sijui, simu za matusi zimepungua nusu. Nikamwambia yote niliyapanga. Akasema ni sawa, ila mkuu wa kitengo ni Bi Kidole, na taarifa zangu zitapitiwa kwanza na mama mkwe. Nimekubali, ili wasije wakasema nina kinyongo. Sina! Wameona tu wakinipa kitengo kizima nitawafunika.

Mke wangu sasa anacheka waziwazi. Amekiri alijua tangu siku ya kwanza.

Jumanne, 11 Machi

Maji yamerudi mitaa ya chini. Lakini ameibuka adui mwingine! Anajiita Kiti cha Ngozi. Ameandika kwamba Afisa Uhusiano alisinzia kikaoni leo asubuhi, akakoroma mara mbili. Uongo! Na amejuaje? Kikaoni tulikuwa wawili tu, mimi na Mkurugenzi.

Nimeandika barua kali, mihuri mitatu, ajitokeze ndani ya siku saba. Nimempelekea Mkurugenzi asaini. Aliisoma yote, akanitazama kwa muda mrefu, akasaini, akainamia simu yake. Mtu mwema sana.

Sijafika hata mlangoni, Kiti cha Ngozi akaandika: “Barua nimeiona.”

Barua bado iko mkononi mwangu! Hawa watu wa mitandao wana majasusi kila kona. Lakini huyu hanijui. Nitampata.