Ofisi ya Kuzoesha Waliorejea Nyumbani

Baada ya mashauriano mapana, na kwa furaha isiyo kifani, Ofisi ya Kuzoesha Wanafunzi Waliorejea Nyumbani ilitangaza kwamba kuanzia muhula huo kila mwanafunzi wa Kichina aliyetoka ng'ambo angezoea. Kuzoea hakungekuwa tena jambo la kuachiwa mtu binafsi na tumbo lake. Kungefanyika kwa hatua nne zilizothibitishwa kitaalamu, yaani Furaha, Mshangao, Majonzi na Shukrani, kwa mpangilio huohuo, bila kuruka hatua hata moja. Tangazo lilitumwa kwenye kundi la simu la Ofisi, na chini yake wanafunzi wote, wahadhiri wote na mpishi mkuu waliandika neno moja: "Nimepokea." Ndivyo inavyofanyika chuoni. Mkubwa akiandika, unajibu "Nimepokea", kisha unaendelea na uji wako. Kusoma ni hiari.

Tiong Siew Eng naye akaandika "Nimepokea", akaendelea na uji wake.

Alikuwa amerejea Fuzhou, kusini mwa China, kutoka Sibu, mji wa kando ya mto kule Sarawak, Malaysia. Kusema kweli hakuwahi kufika Fuzhou kabla ya hapo, wala mama yake, wala bibi yake. Aliyeondoka alikuwa babu wa bibi, naye aliondoka kwa sababu ya njaa. Lakini Ofisi ilikuwa na msimamo thabiti kuhusu suala hilo: mtu anaweza kurejea mahali ambapo hajawahi kufika, mradi jina lake la ukoo lilishafika.

Kwa makosa ya mgawanyo wa vyumba, Siew Eng hakupelekwa Jengo la Mapokezi Mema, wanakokaa wanafunzi wa ng'ambo peke yao, na kantini yao, mlinzi wao na mabango ya kuwakaribisha yasiyoondolewa mwaka mzima. Aliangukia bweni la kawaida, chumba cha wasichana sita, pamoja na watano waliozaliwa hapahapa China. Siku ya kwanza walipangana kwa umri, kama vyumba vyote vifanyavyo, wakapeana namba badala ya majina. Aliyewazidi wote akawa Dada Mkubwa. Siew Eng aliwazidi wawili, mmoja wao kwa wiki chache tu, basi yeye akawa Wa Nne na huyo mmoja Wa Tano.

Kuanzia hapo, kwa mtazamo wa Ofisi, mambo yakaharibika. Msichana akazoea. Alizoea ovyo, bila kibali, bila kusubiri wenzake. Alinunua pazia la kitanda lenye picha za paka. Alijua saa ya kukimbilia maji ya moto na chupa yake ya chai kabla foleni haijafika kwenye ngazi. Alilala mchana wakati chuo kizima kinapolala, na alikoroma. Sokoni ndiko alikopita kiasi kabisa: aliongea na wauza samaki Kifuzhou cha bibi yake, cha zamani, chenye matusi ambayo vijana wa mjini walikuwa wameshayasahau, na akina mama wale walicheka hadi wakamwongezea vitunguu vya majani bure. Wenzake chumbani walitoka mikoa mingine, Kifuzhou hawakijui, kwa hiyo kila Jumamosi walimtuma yeye.

"Wa Nne, nenda wewe. Sisi tukienda tunapigwa bei ya watalii."

"Na mimi ndiye niliyetoka ng'ambo," alisema Siew Eng, akivaa viatu.

Mwezi wa pili akaitwa Ofisini.

Mkurugenzi Qu Hongde alikuwa mtu wa Shandong, kaskazini, na aliiongoza Ofisi hiyo kwa muda mrefu bila kuvua koti. Chini ya meza yake kulikuwa na hita ya umeme iliyowaka kuanzia Oktoba. Hatua nne alizibuni mwenyewe, akiwa ameketi hapo hapo. Pembeni alisimama Mwalimu Zhuo, mlezi wa wanafunzi, kijana aliyehitimu juzijuzi ambaye kazi yake ilikuwa kukubaliana na mambo na kuyapiga picha.

"Tiong Siew Eng," alisema Mkurugenzi, "kwenye Kikao cha Majonzi hukulia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mwenzako kutoka Peru alilia vizuri sana."

"Yule alikuwa anaumwa tumbo, Mwalimu."

"Sababu ni mambo ya ndani ya mtu. Ofisi inapima machozi."

"Lakini mimi nimeshazoea, Mwalimu. Kwa kweli niko vizuri."

"Hilo ndilo linalotutia wasiwasi." Mkurugenzi alisogeza miguu karibu na hita. "Utazoeaje kabla ya kuhuzunika? Huwezi kufika Shukrani bila kupita Majonzi. Ni sawa na kushuka kwenye treni kabla haijafika."

"Labda nilipanda treni nyingine, Mwalimu."

Mwalimu Zhuo alikohoa, akaliangalia dirisha kwa muda.

Uamuzi ulitolewa kwa upole. Kikao cha marudio kingefanyika Ijumaa, mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo. Siew Eng akilia, angebaki chumbani kwake. Asipolia, angehamishiwa Jengo la Mapokezi Mema, ambako mazingira ya kuhuzunika yameboreshwa.

"Kitanda chako kimeshatandikwa," alisema Mkurugenzi. "Ni cha mwisho. Tumekushikia."

Aliporudi chumbani akawaeleza wenzake. Dada Mkubwa aliacha kupaka rangi kucha. Wa Tano, aliyekuwa akila mbegu za alizeti kitandani, akauliza, "Kwa hiyo ukiondoka, mimi ndiye nitakuwa Wa Nne?"

"Nadhani."

"Sitaki. Wa Nne ndiye anayemwaga takataka."

Wakacheka wote. Kisha Wa Tano akavuta pazia la kitanda chake, na ule mlio wa kutafuna mbegu haukusikika tena. Siew Eng alisimama kando ya kitanda kile akiwa hajui aweke wapi mikono yake. Kwao Sibu alikuwa mtoto wa pekee. Hakuna mtu aliyewahi kumpa namba.

"Basi," alisema Dada Mkubwa, "huyu ni lazima alie. Kwani shida nini? Mimi nalia kila nikiona matokeo ya hesabu."

Walianza kazi palepale. Wa Pili, binti wa Guizhou, alitoa chupa ya pilipili ya mama yake, ile inayosafirishwa kwa tahadhari, akamlisha kijiko kizima. Siew Eng, aliyelelewa kwa pilipili ya kusagwa na uduvi, akaomba cha pili. Wa Pili akataka kumwonyesha jinsi pilipili ya kweli inavyoliwa, akala, akalia yeye. Dada Mkubwa akasimulia kifo cha mbwa wao, lakini mbwa mwenyewe alikuwa amekufa kwa kushiba kwenye harusi, na alipofika pale bwana harusi alipomkanyaga, hakuna aliyeweza kujizuia kucheka.

"We mtoto una roho ya jiwe?"

"Sina. Nimefurahi tu."

"Sasa si ufiche!"

Si kwamba hakumkumbuka bibi yake. Alimkumbuka kila alipomenya chungwa, kwa sababu bibi alimenya ganda likatoka zima kama utepe. Jumapili walipoongea kwa simu, bibi aliuliza swali moja tu, kama samaki wa huko ni wabichi, na Siew Eng alipojibu ndiyo, bibi alisema, "Basi babu hakudanganya." Baada ya hapo Siew Eng alikaa kwenye ngazi kwa muda. Lakini huzuni ile ilikuwa ndogo na ya kwake, haikuwa ya kupigwa picha.

Ijumaa ukumbi ulipambwa. Kila kiti kiliwekewa pakiti ya karatasi laini za kufutia machozi, zenye nembo ya Ofisi. Makamu Mkuu wa Chuo, Mama Weng, aliketi mstari wa mbele akijibu ujumbe kwenye simu bila kuinua macho, kazi aliyoifanya kwa ustadi uliompandisha cheo mara nyingi. Siew Eng alikuwa ameruhusiwa kuja na mtu mmoja wa kumtia moyo, akaja na Dada Mkubwa, ambaye alikuwa amefuga kucha maalumu kwa ajili ya kumfinya.

Walipokuwa wakiingia walimkuta Mkurugenzi kwenye ujia, amewapa mgongo, akiongea na simu yake kwa haraka na sauti ya chini. Mwalimu Zhuo akamwita: "Mkurugenzi, Mama Makamu ameshakaa!" Mkurugenzi akabonyeza simu bila kuitazama, akaitia mfukoni, akapanda jukwaani.

"Ndugu wanafunzi," alianza, "majonzi ni haki yenu. Lakini haki bila utaratibu ni fujo."

Simu zikatetemeka ukumbi mzima. Kwenye kundi la Ofisi kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa Mkurugenzi Qu, mrefu karibu dakika nzima. Hakuna aliyeusikiliza. Kusikiliza kungechelewesha jibu, na kuchelewesha jibu ni utovu wa nidhamu. Aliyekuwa karibu na mlango akaandika "Nimepokea". Wa pembeni yake akaandika "Nimepokea". Yule kijana wa Peru akaandika "Nimepokea". Neno likapita mstari hadi mstari kama watu wanaopeana ndoo kwenye moto, likafika mbele, na Mama Weng, kidole kikiwa tayari hewani, akaandika: "Nimepokea. Litekelezwe mara moja."

Mwalimu Zhuo akasoma agizo la Makamu Mkuu, akasimama kwa heshima. Agizo la kutekelezwa mara moja haliwezi kusubiri hotuba iishe. Tatizo ni kwamba hakujua kinachotekelezwa. Akafanya lililo sahihi kiutaratibu: akaunganisha simu yake na vipaza sauti, ili ukumbi wote upokee maelekezo kwa pamoja.

"Mama, ni mimi," ilisema sauti ya Mkurugenzi, kwa lafudhi nzito ya kwao. "Hapana, sijala. Wametia sukari kwenye nyama tena. Mama, soksi zangu hazikauki huku. Ndani ni baridi kuliko nje, hawana mabomba ya joto kama sisi. Sokoni siendi, wakitaja bei sielewi wanasema nini. Miaka kumi na moja, Mama, na bado nikiamka nasikiliza kama umeshawasha jiko. Usimwambie Baba. Nataka kuja nyumbani."

Jukwaani Mkurugenzi alikuwa ameshika kipaza sauti chake kwa mikono miwili.

Dada Mkubwa alijiandaa kumfinya Siew Eng, akakuta hakuna haja. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni. Alikuwa anamwona mtu mzima akiwa kitandani asubuhi, ametega sikio kwa jiko lililo mbali.

"Analia!" alisema Mwalimu Zhuo, akakimbilia kamera.

"Ule..." Mkurugenzi alisafisha koo. "Ule ulikuwa ujumbe binafsi. Naomba usitekelezwe."

Watu wote wakamgeukia Mama Weng. Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema kwamba alijibu bila kusikiliza, jambo ambalo halijawahi kumtokea kiongozi yeyote. Akachagua njia ya pili.

"Ujumbe wa Mkurugenzi niliusikiliza kwa makini," alisema akisimama, "nikautafakari kwa kina, ndipo nikaagiza. Mwalimu Zhuo, kanuni inasemaje?"

"Kanuni inasema yeyote ambaye hajazoea atahamia Jengo la Mapokezi Mema, Mama Makamu."

"Lakini mimi nina nyumba yangu!" alisema Mkurugenzi.

"Na ndiko ulikoshindwa kuzoea."

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Imeandikwa 'yeyote'," alisema Mwalimu Zhuo kwa unyenyekevu. "Uliandika wewe, Mkurugenzi. Tena ulitusisitizia." Akafikiri. "Ila kuna dosari moja, Mama Makamu. Mkurugenzi ameingia Majonzi moja kwa moja. Furaha na Mshangao hakupitia."

"Basi aanze mwanzo," alisema Mama Weng, na kikao kikafungwa.

Siew Eng alihesabiwa kuwa amelia, akabaki Wa Nne. Hata asingelia asingekuwa na pa kuhamia, maana kile kitanda cha mwisho kilikuwa kimeshapata mtu. Lakini Jumapili hakuweza kutulia. Aliongea na akina mama wa samaki, akaelekezwa, akatoweka asubuhi nzima. Mchana wasichana wote sita wakabisha hodi Jengo la Mapokezi Mema, Wa Tano akiwa amekumbatia furushi linalotoa mvuke.

Mkurugenzi alikuwa ameketi kwenye kitanda chembamba, koti mwilini, chini ya bango la kumkaribisha.

"Tumekuletea chakula, Mwalimu," alisema Siew Eng.

Akafungua furushi. Ilikuwa mikate ya mvuke ya Shandong, mikubwa kama ngumi ya mwanamume, migumu kidogo kama inavyotakiwa.

"Umeipata wapi hii?"

"Nyuma ya uwanja wa mpira, Mwalimu. Mama mmoja wa kwenu. Anasema yuko pale miaka mingi, anashangaa hujawahi kupita."

Mkurugenzi alimega kipande, akakinusa, akakitia mdomoni. Kidevu kikaanza kumcheza. Wasichana wakatazama pembeni, isipokuwa Wa Tano, aliyempa pakiti ya karatasi laini yenye nembo.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Zhuo aliingia na kamera, akahema kwa mshtuko.

"Mkurugenzi, tafadhali, usilie! Wewe bado uko kwenye Furaha. Majonzi yako ni mwezi ujao."

Mkurugenzi Qu akatabasamu, mashavu yamejaa mkate, machozi yakimwagika. Mwalimu Zhuo akaitazama picha, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamwambia arudie.