Bonboni za Bangkok kwa Citoyen Chef

Jumatatu, 10 Septemba 1984

Nafasi ni moja tu. Msaidizi wa utafiti katika departema yetu ya lugha, basi. Wanaoitaka ni wawili: mimi na Valérie. Mimi nilimaliza lisansi ya chuo kikuu kwa distinction. Valérie alimaliza kwa jasho. Atakayeachwa atatupwa katika sekondari fulani ya msituni, kufundisha viambishi kwa watoto wenye usingizi. Haiwezekani niwe mimi.

Anayeamua ni Citoyen Stanislas, chef wa departema. Amerudi wiki jana kutoka Bangkok, miezi mitatu ya mafunzo. Valérie amekwisha kumpelekea kabichi. Kabichi! Baba yake anazilima Mudaka. Valérie mwenyewe alizibeba kichwani, akapita nazo mbele ya ofisi zote akisalimia watu. Chef alishukuru. Kwa adabu tu, nilimwona.

Mimi natumia akili. Mtu aliyekaa Bangkok miezi mitatu hakosi kutamani vitu vya Bangkok.

Jumatano, 12 Septemba

Duka la Papa Aloys. Ana shemeji Bujumbura anayemtumia vitu vya Asia: chai, mchele wenye harufu, na rafu nzima ya vitafunio vya Thaïlande ambavyo havina mnunuzi. Nilisimama mbele ya rafu hiyo saa nzima. Maandishi yake yamejikunja kama maharage yaliyoanza kuota. Sikuuliza. Mtu aliyesoma filolojia hamwulizi mwenye duka maana ya maandishi. Niliangalia picha.

Nimechagua vitu viwili. Kwanza bonboni, pipi laini, za rangi ya samli, zenye picha ya tunda la miiba. Pili boksi la biskuti: duara, nyeupe, nyembamba, kavu. Za watu wenye utulivu.

Papa Aloys akaanza kuingilia. Akasema, "Mademoiselle, hii banakaangaka kwanza mu..." Nilimkata. Nilimwambia nimekaa miaka mitano chuo kikuu, sihitaji somo la kula biskuti. Akazifunga zile bonboni katika mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Heshima hiyo niliipenda.

Bei sitaiandika.

Ijumaa, 14 Septemba

Nimemwalika Chef Jumapili baada ya misa ya pili, nyumbani kwa Tantine Adèle, dada wa baba yangu, ninakoishi. Akakubali. Kisha akageuka akamwambia Valérie naye aje, maana mwanaume mwenye ndoa haendi kumtembelea msichana peke yake. Valérie alikuwa amesimama pale pale, kama kawaida, na masikio yake yote mawili.

Vizuri. Aje aone.

Tantine anasema kuna kitu kimekufa ndani ya kabati langu. Alitoa nguo zote akitafuta panya. Nilimsaidia kutafuta.

Jumamosi, 15 Septemba

Salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Mtaa mzima tulizibua mitaro. Valérie alimwuliza mkuu wa mtaa takataka zitupwe wapi, akasifiwa. Mimi zangu nilizitupa nilipoona panafaa. Nikaamriwa kuzirudia.

Jumapili, 16 Septemba

Naandika yote kama yalivyotokea, ili siku moja wahusika waaibike.

Walifika. Nilikuwa nimetandika kitambaa cha kufuma, sahani za Krismasi, biskuti zimepangwa kama maua. Chef akanyoosha mkono. Tantine akamzuia. Kwetu Bushi mgeni hagusi kitu kabla aliyekitoa hajakionja. Ni desturi ya pombe ya ndizi, ya watu wanaoogopa sumu. Nilieleza kwamba hizi ni biskuti. Tantine akasema sumu haichagui.

"Onja, mwana. Wageni banangoja."

Nikauma. Haikuumika. Nikauma tena. Ilikuwa kama kutafuna ukucha wa ng'ombe. Nikatabasamu, nikasema ni tamu sana. Niliisukuma kutoka shavu hili hadi lile, machozi yakinilenga, huku Chef akinitazama kama anayesahihisha mtihani.

Tantine naye akachukua yake kwa mikono miwili. Akaitazama. Nyeupe, duara, nyembamba. Akafumba macho, akaiweka ulimini, akafunga mdomo. Hakutafuna: kitu cha namna hiyo hakitafunwi, wala hakipokewi na aliyetoka kula, tangu komunyo ya kwanza tulifundishwa. Tukangoja. Dakika moja. Dakika mbili. Hatimaye akafungua jicho moja, akamwegemea Chef.

"Hii iko hostia ya padri gani? Haiyeyuki. Na asubuhi nilikula viazi. Niko na zambi?"

Chef alicheka mpaka akashika meza. Valérie aliangalia sakafu, unafiki mtupu, mabega yakimtetemeka.

Nikaleta silaha ya pili. Nikafungua mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Harufu ya lile tunda la miiba, Chef analiita duriani, ikaingia sebuleni kama mtu. Sombe ya majani ya muhogo iliyolala siku nne, pamoja na kitunguu, pamoja na gesi. Tantine akapaza sauti kwamba panya ameonekana. Chef akasimama, akafungua dirisha, akaongea akiwa ametoa kichwa nje.

"Eulalie, miezi tatu kule nilikuwa naota bugali. Sasa nimefika kwetu, na wewe unanirudisha?"

Hapo Valérie akamwomba Tantine mafuta. Akabeba boksi langu, langu mimi, hadi jikoni. Akazikaanga, akarudi na sahani imejaa vitu vilivyovimba kama povu, vikubwa, vyepesi, vinalia mdomoni. Vimetengenezwa kwa unga na kamba wa baharini. Chef alikula sahani nzima. Alisema kule Bangkok hicho ndicho kitu pekee kilichokubali kukaa tumboni mwake.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi! Hakuna aliyelisema.

Alimwuliza Valérie amejuaje. Akajibu kwamba aliyaona maboksi dukani, akamwuliza Papa Aloys. Aliuliza. Alilisema mbele za watu, bila haya yoyote.

Jumanne, 18 Septemba

Valérie.

Jina lake limebandikwa mlangoni kwa pini nne. Chef aliniita ofisini. Alikuwa mpole, jambo ambalo ni baya zaidi. Alieleza kwamba msaidizi atashinda vijijini akiwauliza wazee maneno yao, asubuhi mpaka jioni, kuuliza tu.

"Wewe unajua kila kitu, Eulalie. Nitakutumia kwa kazi gani?"

Swali lenyewe lilikuwa na kasoro.

Nililia kidogo, kwenye ngazi, nikiwa nimegeukia ukuta.

Ijumaa, 21 Septemba

Barua imefika. Nimepangwa sekondari ya Shabunda. Huko ndege hutua ikipenda, na wanaume wote wako mashimoni wakitafuta dhahabu. Tantine amelia. Valérie amekuja kunipa pole, ameleta kabichi.

Lakini nimefikiri usiku na mchana, na sasa naona wazi. Mtu hampeleki mjinga mahali pagumu. Mjinga unamweka karibu, umwangalie. Chef ameniheshimu kwa siri, asije akasemwa.

Tena nafasi ya mkuu wa masomo kule iko wazi, na anayeamua ni préfet, yaani mkuu wa shule. Nimesikia mke wake anapenda sana kwaya. Nitaanzisha kwaya wiki ya kwanza, sauti nne, na nitaiongoza mwenyewe. Sijawahi kuimba. Tantine anasema nimwendee organisti, mpiga kinanda wa parokia, ana subira, anifundishe kidogo kabla sijaondoka.

Nimemwambia hakuna haja. Nimekwisha kuona waongoza kwaya wanavyopunga mikono.