Tik-tik Chini ya Boneti

Jumatano, 11 Juni
Mimi nina akili, jamani! Jumapili nampeleka Mjomba Mwinjuma kwake Kinole. Alishuka mjini kutibiwa jicho. Ni mjomba wa Latifa wangu. Baba yake alishanikubali, lakini kwa Waluguru posa bila neno la mjomba ni chai bila majani. Mposaji aliyenitangulia, gari lake lilizima mlimani, Mzee akamalizia kwa miguu. Posa ikafia palepale. Gari langu zima, ila linanuka oili. Dawa: nimefunga mzigo wa mdalasini wa Kinole nyuma ya rejeta. Ukipata joto, utanukia. Mzee atajiona yuko shambani! Kamba ya katani haikutosha, nikamalizia na ya kiatu cha kushoto. Siri. Hata Latifa hajui.

Alhamisi, 12 Juni
Msiba! Injini inalia. Tik-tik-tik. Nikikanyaga mafuta, inalia mbiombio. Imeanza leo, bila sababu yoyote. Nimeweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, wanavyofanya mafundi. Nikasikia mapigo ya moyo wangu tu. Hata hivyo nimeamua: ni tapeti, vile vyuma vya kusukumia vali. Nikabadilisha oili, nikatia nzito. Tik-tik ileile. Lakini harufu! Tamu ajabu.

Ijumaa, 13 Juni
Nimetoka msikitini, namkuta jirani yangu Dennis kaliinamia gari langu. Simpendi. Ana gari jipya, na humsalimia Latifa kwa bashasha iliyozidi. Ila haki ya Mungu, anajua kusikiliza! Alifumba macho, akaniambia nikanyage, niachie, nikanyage tena. Akasema tapeti hazina neno. Kuna kitu chepesi kinagusa kinachozunguka. Akauliza kama nimeweka chochote mle ndani. Nikamwapia sijagusa. Akataka kufungua boneti. Nikaikalia. Akanitazama, kisha akaniambia nichukue gari lake Jumapili. Ahaa! Kumbe ndiye aliyelitia langu ugonjwa, ili mkwe wangu apande lake!

Jumamosi, 14 Juni
Sitatibu. Nitaficha. Nimeazima spika kubwa na kaswida za kutosha hadi Kinole. Latifa ameuliza kwa nini natembea nikiburuta mguu. Nimemwambia baridi ya mlimani.

Jumapili, 15 Juni
Lazima niandike. Nilimpa Mjomba shikamoo, nikamfungulia mlango, nikafungulia kaswida. Latifa nyuma. Mambo shwari! Tulipopita Kiroka, Mzee akaomba nizime kaswida, apumzike. Tik-tik-tik. Akaniamuru nisimame, nifungue boneti. Jicho moja limefungwa bandeji, lakini pua yake ilimwongoza moja kwa moja kwenye rejeta. Mzee yule! Akauchomoa mzigo. Kijiti kimoja kilikuwa kimechongwa na feni kikachongoka. Nikawasha: kimya, injini inapumua kama mtoto aliyelala. Akauliza nani kaufunga pale. Nikasema Dennis.  Mzee aliitazama ile kamba, akashusha lile jicho lake moja hadi kwenye kiatu changu cha kushoto. Nilitamani ardhi inimeze. Akacheka hadi akashikilia gari! Latifa akacheka hadi machozi. Kisha Mzee akatoa neno: Yusuph, amesema, mwongo asiyejua kuongopa hana madhara nyumbani. Latifa akuchukue, ila boneti awe anafungua yeye. Nikalia barabarani, mtu mzima mimi. Nampenda mzee yule, nampenda na mpwa wake!

Jumatatu, 16 Juni
Nimekubaliwa! Nimetafakari usiku kucha, nikaona ukweli: mdalasini ndio ulioniposea. Dennis alikuja na pongezi na mkungu wa ndizi, nimemsamehe. Jumamosi tunapanda tena Kinole kwa shukrani, basi leo nimefunga karafuu ndani ya soksi yangu ya kushoto, nikaitundika karibu na feni. Hakuna atakayejua. Jioni injini imeanza kulia chak-chak-chak.

Safari hii sina shaka. Ni tapeti.