Fizi za Kwaya na Mtungi wa Mabibo

Jumanne, 5 Oktoba 1971

Daftari langu jipya, salaam katika Bwana. Hujambo? Kurasa zako hazijambo? Unyevu wa pwani haujakupata? Mimi sijambo, ila jino moja la juu linacheza nikimeza mate. Nimekununua ili nipate wa kumweleza, maana mke wangu Theresia anasema masikio yake yamejaa.

Ujue uko kwa nani. Mimi Lukasi, mtu wa Njombe, karani wa ghala bandarini. Nimehamia hapa Mtwara juzijuzi tu. Kanisani kwetu Chuno ndimi mwalimu wa kwaya ya vijana. Jumapili ya tarehe 17 anakuja Baba Askofu, na ubeti wa pili ataimba binti yangu Esta, peke yake.

Taabu ni kwamba Esta hafungui mdomo. Fizi zimevimba, zinatoka damu. Shuleni wenzake wanamwita Chinja Kuku. Anaimba kama mtu anayepuliza chai ya moto. Jana nilimkuta nyuma ya nyumba analia, mdomo kauziba kwa kanga ya mama yake. Daftari, iliniuma kuliko jino.

Nimechukua hatua. Damu hutoka akipiga mswaki. Basi mswaki nimeuficha! Uko nyuma ya Biblia kubwa. Kisha nimesali.

Alhamisi, 7 Oktoba

Fizi zimezidi! Theresia kampeleka zahanati bila kuniuliza. Huko kuna nesi, Modesta, kabinti ka juzi tu. Eti kasema ni uchafu unaoganda kwenye fizi ndio unaoleta damu. Mtoto apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, hadi pale jino linapokutana na fizi. Damu ikitoka asiache, itakoma. Asukutue kwa maji ya chumvi. Tena apunguze peremende. Peremende! Mimi ndiye ninayewagawia wanakwaya kila zoezi, zilainishe koo!

Nikamwambia Theresia kwamba kidonda kinachovuja damu hakisuguliwi. Akaniuliza mimi nilipiga mswaki lini. Nikamjibu, Jumapili, kabla ya ibada, kama Mkristo. Akawa analitazama tu jino langu linavyocheza ninavyosema.

Jioni, zoezi. Msaidizi wangu Kasiani, mtu wa Newala, ambaye siku zote anaitolea macho fimbo yangu ya kuongozea, alisimama akashauri ubeti wa pili apewe mpwa wake. Alisema, "Maana huyu, Mwalimu, mdomo wake unafunguka." Vijana wakaangua kicheko. Esta akainama. Kasiani huyo! Nimemwombea, lakini kwa ufupi.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimepata! Nimepata!

Jirani yetu Salma katuletea beseni la mabibo kutoka shamba lao la mikorosho karibu na Naliendele. Kwetu Njombe tunda hili hatuna. Nikauma moja. Lo, ukakasi! Mdomo mzima ulijikunyata, ulimi ukagoma, mashavu yakashikana. Na jino langu? Kimya! Limeshikwa barabara! Nikapiga magoti palepale jikoni. Mungu kaitundika dawa ya fizi mtini, na watu wa hapa wanachuma korosho, wanaacha dawa inaoza chini!

Nimekamua mtungi mzima. Nauweka chumba cha nyuma cha kanisa, kwaya nzima isukutue, maana niliwakagua vinywa na wengi wanatisha kuliko Esta. Theresia kauliza kwa nini nisimrudishie mtoto mswaki wake tu. Hana subira, mama huyu.

Jumatatu, 11 Oktoba

Wamesukutua. Wakakunja nyuso, wakatema, wakanung'unika. Mmoja wa besi alisema afadhali fizi zioze. Esta kakataa kabisa. Kasema, Baba, yananikereketa.

Nimerudi nyumbani nimeishiwa nguvu. Mtungi haujapungua. Nimeufunika kwa jani la mgomba na kitambaa, ukakasi ukomae.

Alhamisi, 14 Oktoba

Maajabu! Dawa inatoa povu yenyewe. Hata sabuni hutoa povu. Usafi huo!

Vijana nao wameongoka. Walifika kabla yangu, wamepanga foleni. Besi waliomba kusukutua tena, eti meno ya nyuma hayakufikiwa. Sikuona hata mmoja akitema. Nikawasifu kwa kuiheshimu sakafu ya kanisa. Wakaimba kwa nguvu nisiyopata kuisikia, ingawa si wimbo mmoja.

Hata Kasiani aliinusa dawa akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema, "Mwalimu, hii usiiongeze kitu. Iache hivyohivyo hadi Jumapili." Akaomba chupa moja ya mama yake, eti ana fizi. Nimemsamehe yote.

Esta tu ndiye amenikataa. Kila alfajiri na kila jioni anakimbilia uani kwa Salma, kwa binti wa pale, Hadija, mwenye meno meupe ya kuudhi. Nadhani anakwenda kulia huko. Mtoto wangu ananikimbia, na dawa ninayo mimi!

Jumapili, 17 Oktoba

Ee Bwana, nichukue.

Kabla ya ibada nilitoa dozi ya mwisho. Kikombe kizima kila mtu, isipokuwa Esta aliyekataa, kwa heshima ya mgeni. Nikainua fimbo. Sauti ya kwanza wakaanza wimbo wa Pasaka. Besi wakaanza wa Krismasi. Sauti ya pili wakacheka. Kijana mmoja alitoka mstarini, akamkumbatia Baba Askofu, akamwita shemeji. Harufu ikajaa kanisa zima.

Mzee mmoja wa kanisa alikwenda mtungini, akachovya kidole, akaonja. Akachovya tena. Akatangaza: uraka! Pombe ya mabibo! Kumbe maji ya mabibo yakilala siku kadhaa yanakuwa pombe, na Mtwara nzima inajua isipokuwa mimi. Mimi nisiyegusa hata ulanzi! Theresia akaninong'oneza kwamba hata ulanzi wa kwetu huchacha hivyohivyo. Nikamwambia ule ni wa mianzi.

Nilikuwa natafuta mlango wa nyuma niliposikia ubeti wa pili. Esta! Kasimama peke yake, mdomo wazi hadi meno ya mwisho. Fizi zimetulia, damu hakuna. Hata yule wa shemeji alinyamaza. Nikalia mbele ya watu wote.

Baada ya ibada nikavuliwa kwaya. Fimbo anayo Kasiani.

Jumanne, 19 Oktoba

Bandarini makuli wananiita Baba Povu. Vijana wa kwaya wananipita kama nguzo. Jumamosi nesi Modesta atakuja kuwafundisha kupiga mswaki. Kasiani ndiye aliyemwalika. Na peremende kazipiga marufuku!

Theresia kanifungulia yote. Kule uani Esta hakuwa analia. Alikuwa anapiga mswaki wa mti pamoja na Hadija, asubuhi na jioni, na kusukutua kwa maji ya chumvi, kama nesi alivyosema. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari. Muda wote huo mtoto alikuwa anafanya zoezi karibu na mtungi. Mvuke je? Mvuke wa dawa hakuna anayeutaja. Sifa zote kwa nesi!

Jioni Esta aliniletea mswaki wa mti aliouchonga mwenyewe. Akasema, "Baba, na wewe jino lako." Alicheka mdomo wazi. Nimeupokea kwa machozi. Nimeuweka nyuma ya Biblia, nitautumia Jumapili.

Mtungi nao umerudi. Mzee wa kanisa kausindikiza mwenyewe, na umepungua njiani. Kilichobaki nasukutulia jino langu. Nimesukutua vikombe vitatu. Sikutema, kutema ni kupoteza. Jino limetulia kabisa, hata huzuni imetulia. Ingekuwa pombe ningelewa. Sijalewa. Ila wewe, Daftari, mistari yako ya ukurasa huu wameichora upinde.

Nimekueleza yote tangu mwanzo, na wewe hujasema hata neno moja. Tafadhali, nijibu upesi.